Sonona baada ya kujifungua: kwa mwanasaikolojia unakwenda kufanya nini?

Mtoto wa wiki 6 akiletwa kliniki kwa chanjo tunampima uzito, tunajaza kadi, tunamwambia mama kuwa mtoto anaendelea vizuri. Mara nyingi tunaishia hapo. Siku moja nilimuuliza mama mmoja, "Na wewe mwenyewe, unapata usingizi?" Akaanza kulia pale pale kwenye benchi. Kwa zaidi ya mwezi alikuwa anakesha hata mtoto akiwa amelala, chakula hakipiti, na mawifi walimwita mvivu. Yeye alidhani amerogwa.

Alikuwa na sonona, ambayo wengine huiita unyogovu. Ni ugonjwa kama ulivyo upungufu wa damu, na una tiba. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kati ya kila 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona.

Machozi ya siku za mwanzo

Mama wengi hulialia bila sababu kuanzia kama siku ya 3 baada ya kujifungua, homoni zinaposhuka. Hali hii huisha yenyewe ndani ya wiki 2. Ikizidi hapo, au ikianza miezi kadhaa baadaye, usiendelee kuvumilia. Angalia kama umepoteza furaha ya mambo yote, unajilaumu kila saa, una hofu isiyoisha kuhusu mtoto, au humsikii mtoto moyoni kama ulivyotarajia.

Kuna hali isiyosubiri miadi. Mama akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akichanganyikiwa, akiamini mtoto ana jambo baya ndani yake, au akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Asiachwe peke yake, wala peke yake na mtoto.

Ndani ya chumba cha mwanasaikolojia tiba

Hapigi ramli, hahubiri, na kwa kawaida hatoi dawa. Kazi yake ni mazungumzo yenye mpango. Siku ya kwanza atakuuliza ulivyojifungua, unavyolala, nani anakusaidia nyumbani, kama uliwahi kupoteza mimba au mtoto. Anaweza kutumia dodoso la Edinburgh, lenye maswali 10 kuhusu ulivyojisikia siku 7 zilizopita. Swali la mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru. Mama wengi hulificha jibu lake wakiogopa kunyang'anywa mtoto. Tafadhali jibu kweli. Linaulizwa ili upangiwe ulinzi, wewe na mwanao.

Atakushauri pia upimwe damu na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi isiyofanya kazi vizuri huleta uchovu unaofanana na sonona.

Vikao vinavyofuata mara nyingi ni vya kila wiki. Mnachukua wazo moja, mfano "mtoto analia, kwa hiyo mimi si mama", mnalichunguza: mtoto alikula saa ngapi? Alitulia ulipombeba? Unapewa na kazi ndogo ya nyumbani: kuoga bila haraka mtoto akiwa kwa bibi yake, kutembea hadi kwa jirani na kurudi. Zamani hata mimi niliona ni mambo madogo mno kuitwa tiba. Lakini vijijini Pakistan, wahudumu wa afya wa kike wasio wanasaikolojia walifundishwa njia ya namna hii, wakawatembelea majumbani wajawazito wenye sonona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: miezi 6 baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa 23 kati ya 100, na kwa waliotembelewa bila mafunzo hayo walikuwa 53.

Mwanasaikolojia huyo huyo huwasaidia walioharibikiwa na mimba, wanaotafuta mtoto bila mafanikio, na wanaoogopa tendo la ndoa au mimba nyingine baada ya uzazi mgumu. Kwa hofu hiyo ya mwisho, njoo pia tuzungumze uzazi wa mpango.

Sonona ikiwa kali, daktari anaweza kuongeza dawa. Zipo zinazotumika mama akiwa ananyonyesha, kama sertralini. Usiziache ghafla kwa sababu umepata nafuu.

Unaanzia wapi

Wanasaikolojia tiba ni wachache na wengi wako kwenye hospitali kubwa. Kwa hiyo anzia kliniki unayompeleka mtoto, uombe rufaa. Kama maneno hayatoki, sema tu: "Nesi, tangu nijifungue siko sawa." Ukiambiwa ni kawaida tu na wiki 2 zimeshapita, rudi umwone mwingine.

Na wewe mume, mama mkwe au dada unayemlea mzazi, usimwambie ajikaze. Mchukulie mtoto usiku mmoja apate kulala, na siku ya kliniki mfuatane.