Ukuta wa Mizingani

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Katapila lilipong'oa lami mbele ya Jumba la Makumbusho la Kasri, Mjini Unguja, barabara ya Mizingani ilibonyea na shimo jeusi likajitokeza. Mhandisi akaamuru lizibwe kwa zege usiku huohuo, kabla ya bamvu la alfajiri. Ndipo simu yangu ilipolia. Alikuwa Babu: "Mjukuu wangu, wasilizibe mpaka nifike." SASA ENDELEA...

Babu alifika baada ya sala ya Isha, kanzu ameikunja mpaka magotini, mkononi ana tochi yake ya kuvulia. Mlinzi akamzuia kwa kuwa hakuvaa kofia ngumu. Nilivua yangu, nikamvisha juu ya kofia yake ya viua, akapita. Hakumsalimia mtu. Alilala kifudifudi juu ya lami, akaingiza kichwa shimoni, akakaa hivyo mpaka vijana wa zamu ya usiku wakaanza kutazamana.

"Njoo uweke shavu lako hapa," aliniambia.

Niliweka. Upepo mwembamba ulinipiga usoni, wenye harufu ya tope na majani yaliyooza.

"Unatoka wapi huo?"

"Baharini, Babu."

"Bahari iko nyuma yako, na maji yanakupwa. Huo unatoka mjini."

Mimi ndiye niliyepima sehemu ile, na nilikuwa na maelezo yangu. Mbele ya Mji Mkongwe maji ya bamvu hupanda na kushuka kama mita 4. Yakijaa hupenya kwenye nyufa za ukuta wa zamani. Yakikupwa hutoka na mchanga, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka kifusi chote cha chini kinaliwa na lami inabaki kuning'inia juu ya uwazi. Ndiyo sababu Serikali ilichukua mkopo wa Benki ya Dunia kuujenga upya ukuta wa Mizingani. Maelezo hayo yalikuwa sahihi kwa mita zote nilizopima, isipokuwa hizi chache alizolala Babu.

Aliwasha tochi. Chini ya kifusi niliona mawe ya matumbawe yaliyochongwa, yamepangwa kwa chokaa na udongo mwekundu, yakikunjana juu kuwa tao. Upana wake ulimtosha mtu kupita kwa kutambaa.

"Bahari haichongi mawe," alisema Babu. "Huu ni mtaro."

Nilimtafutia mahali pa kukaa juu ya rundo la mawe, kijana mmoja akaleta buli la kahawa. Yule mtoto wa Forodhani, anayejirusha baharini kila jioni watalii wampige picha, naye alijipenyeza akachuchumaa miguuni pa Babu. Tulikwisha kumzoea. Hakuna siku aliyokosa kuja kuangalia katapila.

"Hapo palipo na bustani," Babu alianza, akinyoosha kidole kati ya Beit al-Ajaib na Kasri, "palikuwa na jumba jingine. Beit al-Hukm. Majumba yote matatu yaliunganishwa kwa njia za juu, wake wa kifalme wapite bila kuonekana barabarani. Seyyid Barghash aliijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na yeye ndiye aliyevuta maji ya Chemchem kwa mabomba mpaka mjini. Sasa nikuulize wewe uliyesoma. Mtu akiingiza maji mengi namna hiyo katika majumba, yatatokea wapi?"

Nilitazama shimo.

"Mama yake bibi yangu alikuwa mtumishi Beit al-Hukm. Agosti 25, mwaka 1896, Seyyid Hamad akafariki ghafla. Jua halijatua, Seyyid Khalid ameshaingia kasri. Waingereza hawakumtaka. Wakazipanga manowari zao hapa mbele, hapo unapoona taa za mashua, wakampa mpaka Agosti 27, saa 3 asubuhi, ashushe bendera yake. Khalid alikuwa na meli moja tu ya kujibu, Glasgow. Ndani ya kasri mlikuwa na askari, watumwa, watumishi, watu kwa mamia, na kuta za mbele zimezibwa kwa makasha na marobota."

"Naye alikuwamo?"

"Alikuwa ghorofa ya chini, na ndoo mkononi. Saa 3 ikapiga. Kimya. Kila mmoja akadhani Mungu ameepusha. Kisha, dakika 2 baadaye..."

Taa kali za gari zilitumulika usoni. Mhandisi alikuwa amefika.

*

Sitamsema vibaya. Alikuwa mtu mwangalifu, na hofu yake ilikuwa ya haki. Bamvu lilikuwa lijae saa 10 alfajiri. Ukuta wa zamani ulikwisha kubomolewa upande ule na mpya haujafika. Maji yakiingia kwa nguvu katika uwazi ule, yangeweza kuondoka na kipande kizima cha barabara, na nyuma ya barabara yapo majumba yasiyostahimili mtikisiko mwingine. Beit al-Ajaib yenyewe ilikuwa imefungwa tangu sehemu ya roshani zake ilipoporomoka mwaka 2012.

"Ramani hazionyeshi mtaro hapa," alisema.

"Ramani imechorwa lini?" aliuliza Babu.

Mhandisi hakujibu, nami nilijua kwa nini. Ramani zote tulizokuwa nazo zilichorwa baada ya mizinga. Baada ya 1896 Beit al-Hukm haikujengwa tena. Beit al-Sahel, yaani Kasri, ilijengwa upya, na mnara wa saa uliosimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib ukapotea, jumba likapewa mnara mwingine kifuani. Kisha ikaja reli ya Bububu mwaka 1905, iliyoanzia karibu na Ngome Kongwe, kisha bandari ya Malindi juu ya bahari iliyofukiwa, kisha bustani ya Forodhani, nayo ikafanywa upya na Aga Khan mwaka 2009. Kila aliyeishika pwani hii aliipamba ielekee baharini, imfurahishe anayewasili. Wachache waliuliza maji ya mvua yanayoshuka kutoka vichochoroni yatapita wapi. Na nyumba zinazofurika wakati wa masika ni za watu wa ndani ya mji, ambao hakuna meli inayowaona.

"Nipe mpaka saa 8 usiku," nilimwambia Mhandisi. "Nikishindwa kuthibitisha, mwaga zege."

Alitazama saa yake. "Saa 8. Gari la zege limeshaagizwa, sitalirudisha."

*

Nilikimbia mpaka Malindi, nikamgongea muuza duka, nikanunua bluu yote ya kufulia aliyokuwa nayo. Mlinzi wa makumbusho alimheshimu Babu, akatufungulia bustani. Tulitafuta kwa tochi upande wa makaburi ya masultani, tukifunua majani kwa mikono, mpaka Babu akagonga kwa fimbo bamba la jiwe lililolia uwazi. Vijana wanne walilinyanyua. Chini yake upepo uleule ulinipiga usoni.

Tulimwaga bluu, tukafuatisha mapipa ya maji, moja baada ya jingine. Yule mtoto tulimwacha barabarani kwenye shimo, na tochi ya Babu, apige kelele akiona rangi.

Dakika zikapita. Maji yalianza kujaa. Nilisikia mawimbi yakigonga mawe ya ujenzi, yakiongezeka sauti.

Kisha tukamsikia: "Bluu! Bluu inapita!"

Vijana waliruka kwa furaha. Mimi mwenyewe nilimkumbatia Babu na bluu yangu yote mikononi, kanzu yake ikachafuka. Lakini yeye hakufurahi. Alikuwa ameinamia bamba.

"Tumemwaga mapipa sita," alisema polepole. "Tazama. Yanarudi."

Kweli, maji ya bluu yalikuwa yanapanda taratibu kuelekea kwetu. Kitu kilikuwa kimeziba njia huko katikati.

"Babu," nilisema, na koo lilinikauka, "hukumaliza kile kisa. Yule mama alitokaje Beit al-Hukm?"

Kila mtoto wa skuli Unguja anajua yaliyofuata siku ile: mizinga isiyofika hata saa moja, watu wapatao 500 wakafa au kujeruhiwa, Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Nilichotaka kujua ni habari ya mwanamke mmoja mwenye ndoo.

"Ulipokwenda dukani, mtoto aliniuliza hilohilo," alisema Babu. "Nikamwambia. Alitambaa ndani ya mtaro mpaka baharini. Na bangili zake za fedha alizivua humo, zisimkwaruze mawe, hakurudi kuzichukua."

Tuliangaliana. Nilitoka mbio.

Shimoni hapakuwa na mtu. Pembeni zilikuwapo ndara mbili za mtoto, zimepangwa vizuri kama mlangoni pa msikiti. Tochi ilikuwa ikiwaka ndani kabisa, mbali, upande wa mjini, na mwanga wake ulikuwa unatikisika juu ya maji ya bluu. Nilimwita. Kilichonijibu ni mlio wa kitu kigumu juu ya jiwe, mara tatu, kisha mara tatu tena.

Nyuma yangu saa 8 ilikuwa imetimia. Gari la zege lilikuwa linarudi kinyumenyume kuelekea shimoni, pipa lake likizunguka kwa kishindo, na dereva alikuwa ameweka vizibo masikioni.

Nilijitupa shimoni. Na hapo, juu ya kichwa changu, mlizamu ukafunguka...

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO