Vyama vya Hiari Afrika Mashariki na Waliovichunguza

Maandishi mengi ya mwanzo kuhusu vyama vya hiari vya Afrika Mashariki yalitoka katika ofisi za serikali ya kikoloni, na yaliandikwa kwa wasiwasi. Vyama vyenyewe vilikuwa vya ngoma. Katika miaka ya 1890 vijana wa miji ya pwani ya Kenya, hasa Lamu na Mombasa, walianza kucheza Beni, ngoma ya gwaride iliyoiga bendi ya kijeshi kwa madramu, sare na safu ndefu ya vyeo, kuanzia mfalme hadi askari wa kawaida. Mombasa iligawanyika kati ya vyama viwili vya Beni, Kingi na Scotchi. Vita Kuu ya Kwanza ikaitoa Beni pwani na kuipeleka bara, kwani askari na wapagazi walikwenda nayo kila walikopelekwa. Vita ilipokwisha, Tanganyika ilikuwa na matawi ya vyama vingine viwili vya Beni, Marini na Arinoti, katika miji mingi. Marini ilivutia zaidi makarani, askari na watu wenye nafasi, na Arinoti ikawa ya vibarua na wapagazi.

Nyuma ya gwaride palikuwa na shughuli nzito. Mwanachama aliyefia ugenini alizikwa na wenzake, na aliyehamia mji mpya alipokewa na tawi la huko akapewa pa kulala mpaka apate kazi. Matawi yaliandikiana barua, yalialikana na yalishindana kwa karamu zilizomaliza akiba ya miezi. Ofisa wa kikoloni aliyeona barua iliyosainiwa na “jenerali” ikisafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine hakuona ngoma, aliona jeshi la siri. Mafaili yakaanza kujaa.

Shaka hiyo ilifika mbali. Mwaka 1935 wachimbaji wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, waligoma kupinga ongezeko la kodi, na watu sita wakapigwa risasi na kufa Luanshya. Tume iliyoundwa kuchunguza mgomo huo ilihoji mashahidi juu ya ngoma ya Mbeni, ambayo ni Beni ileile iliyokwisha kuvuka mipaka, kwa dhana kwamba mtandao wake ulisaidia kuueneza mgomo. Hivyo ndivyo chama cha burudani na mazishi kilivyoingia katika ripoti ya serikali.

Wanazuoni walifuata njia hiyohiyo ya madini. J. Clyde Mitchell, mwanaanthropolojia wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, alichapisha mwaka 1956 utafiti wake juu ya Kalela, ngoma ya vibarua wa Kibisa huko Luanshya. Maelezo yake yanasomeka vizuri hadi leo kwa sababu alitazama kwa makini. Wachezaji walivaa suruali safi na viatu vilivyong’arishwa. Miongoni mwao alikuwamo “daktari” na pia “nesi”, mwanamke pekee, aliyevaa nguo nyeupe na kuzunguka na kioo na kitambaa ili wachezaji wajitazame na kujifuta jasho. Nyimbo zao zilisifu kabila lao na kuyadhihaki mengine. Swali la Mitchell lilikuwa kwa nini watu waliovaa kizungu kiasi hicho waliimba ukabila kiasi hicho. Jibu lake, kwamba ukabila wa mjini ni namna ya kuwatambua wageni katika umati na si mabaki ya kijijini, liliongoza utafiti wa miji ya Afrika kwa miaka mingi. Jinsi kikundi chenyewe kilivyotunza fedha zake haikumshughulisha sana.

Baada ya uhuru swali liligeuka. Terence Ranger alifika Dar es Salaam mwaka 1963 kuanzisha idara ya historia katika chuo kikuu kipya, na kitabu chake juu ya Beni kilitoka mwaka 1975. Aliyachukua mafaili yale ya wasiwasi akayasoma kinyume na nia ya waandishi wake: penye neno “njama” alitafuta mpango wa uongozi, penye neno “kuiga” alitafuta ubunifu. Aliionyesha Beni kuwa mwendelezo wa ushindani wa kale wa mitaa katika miji ya pwani, uliovikwa sare mpya. Wakati huohuo wanahistoria wengine, John Iliffe akiwa mmoja wao, walikuwa wakifuatilia asili ya chama cha siasa cha TANU cha mwaka 1954 kurudi nyuma hadi African Association ya mwaka 1929, na nyuma zaidi hadi chama cha watumishi wa serikali kilichoanzishwa na Martin Kayamba mjini Tanga mwaka 1922. Kazi hiyo ilikuwa muhimu, lakini ilikuwa na upofu wake. Chama kilichozaa siasa kilipata sura nzima, na kile kilichozika maiti tu kilipata tanbihi.

Wanawake walikosekana karibu kabisa, hadi Margaret Strobel alipokwenda Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa mji huo kilichunguza vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyokuwa na vyeo, sare, karamu za kutambiana na nyimbo za mafumbo zilizomwaibisha aliyekiuka desturi. Katika vyama hivyo wanawake wa ukoo wa kiungwana na wale wa asili ya utumwa walikutana, ingawa si kwa usawa. Strobel alionyesha pia kwamba wanawake walioanzisha jumuiya za elimu na ustawi mjini humo katika miaka ya 1950 walikuwa wamejifunza kuongoza mikutano na kuchangisha fedha katika lelemama. Pamoja na Sarah Mirza alihariri masimulizi ya maisha ya Bi Kaje, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhashamy, ambayo yalitoka pia kwa Kiswahili mwaka 1991. Ni utafiti mchache wa aina hii uliorudi kwa waliohojiwa katika lugha waliyosimulia. Susan Geiger naye, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu wanawake wa TANU, alieleza jinsi Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alivyopita kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam kutafuta wanachama. Vikundi hivyo vilikuwa vimekwisha kuwakusanya wanawake ambao chama kiliwahitaji.

Kenya ilikuwa na somo jingine. Kenyatta aliifanya harambee, yaani kuchangishana kwa kazi za pamoja, kuwa wito wa taifa mwaka 1963, na muda si mrefu shule za sekondari za harambee zikazizidi zile za serikali kwa idadi. Philip Mbithi na Rasmus Rasmusson walichapisha uchunguzi wao mpana mwaka 1977. Frank Holmquist alieleza hesabu iliyokuwamo: wanakijiji hujenga madarasa kwanza, ndipo serikali ione aibu kutoleta walimu. Lakini mwanasiasa naye ana hesabu zake. Uchambuzi wa Transparency International Kenya, uliotumia taarifa za magazeti za miaka ya 1980 na 1990, ulionyesha michango ya wakubwa ikipanda kila uchaguzi unapokaribia. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ikawawekea mipaka katika kuchangisha.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 asasi zisizo za serikali ziliongezeka kwa kasi, na watafiti wakazifuata pamoja na wafadhili. Mradi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 chini ya Lester Salamon, ulifika Kenya, Uganda na Tanzania. Upande wa Kenya kazi ilifanywa na Karuti Kanyinga na Winnie Mitullah wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mradi ulihitaji kipimo kimoja kwa nchi zote: asasi iwe na muundo, isiwe ya serikali, isigawane faida, ijitawale, na iwe ya hiari. Upatu, ambao shughuli yake yote ni kugawana fedha, haukai vizuri ndani ya kipimo hicho. Issa Shivji alitoa lawama ya namna nyingine katika kijitabu cha mwaka 2007: asasi hizi, alisema, zinajitenga na siasa na historia, na kufanya kazi bila nadharia ya jamii zinayotaka kuibadili.

Upatu ulichunguzwa zaidi na wachumi. Kanuni yake ni nyepesi: kila mwanachama hutoa kiasi kilekile kwa kijumbe, yaani mkusanyaji, na kila zamu mmoja hupokea chungu kizima. Siwan Anderson na Jean-Marie Baland, katika utafiti wa mtaa wa Kibera, Nairobi, uliotoka mwaka 2002, waliona kwamba wengi wa wachezaji ni wanawake wanaoishi na waume, na wakaeleza kwamba upatu huziweka fedha mbali na mkono wa mume. Mwanamke yeyote aliyewahi kucheza asingeshangaa, ila sasa jambo hilo lilikuwa na takwimu.

Utafiti wa Mary Kay Gugerty na Michael Kremer wa mwaka 2008 ulienda mbali zaidi. Vikundi 80 vya wanawake vya magharibi mwa Kenya viligawanywa kwa bahati nasibu, na nusu yake vikapewa msaada wa pembejeo na mafunzo. Vikundi vilivyosaidiwa havikupata nguvu ya kutajika. Kilichobadilika ni uanachama: walijiunga wanawake vijana, waliosoma na wenye ajira, uongozi ukaenda kwa wageni hao na kwa wanaume, na wanawake wazee wakaondoka kwa wingi kuliko katika vikundi ambavyo havikupewa kitu.

Tanzania ilipitisha mwaka 2018 Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, iliyoweka vikundi vya kijamii vya fedha katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Daftari la msajili linampa mtafiti orodha ambayo Strobel hakuwa nayo, lakini kikundi kisichosajiliwa bado kinapatikana kwa njia ya zamani, kwa kukaa na kijumbe na kuuliza.