Kenya: Mama asiye na mume mbele ya sheria

Mwaka 1959, Kenya ikiwa bado chini ya utawala wa Waingereza, ilipitishwa sheria iliyomruhusu mwanamke aliyezaa nje ya ndoa kumshitaki baba wa mtoto. Hakimu aliporidhika na ushahidi, alimwamuru mwanamume kulipa fedha za matunzo kila mwezi. Kwa mama aliyefanya kazi mjini, huku akimlipa yaya au kumpeleka mtoto kwa bibi yake kijijini, msaada huo ulikuwa haki yake, si hisani.

Haki hiyo ilidumu miaka kumi tu. Wabunge waliilalamikia sheria hiyo kuwa ni ya kigeni na kwamba wanawake wameigeuza biashara, na mwaka 1969 wakaifuta. Hoja ya ugeni ilikuwa dhaifu. Mila za makabila mengi zilimtoza faini mwanamume aliyempa mimba binti wa watu, ingawa faini ilikwenda kwa baba wa binti. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipinga, lakini bunge hilo halikuwa na mwanamke hata mmoja. Grace Onyango, mbunge mwanamke wa kwanza kuchaguliwa, aliingia Desemba mwaka huohuo, sheria ikiwa imekwisha kuzikwa.

Kazini nako mambo hayakuwa rahisi. Sheria ya ajira ya mwaka 1976 ilimpa mzazi likizo ya uzazi ya miezi miwili yenye mshahara, kwa sharti la kupoteza likizo yake ya mwaka. Mtoto akiugua baadaye, mama asiye na mwenzi hakuwa na akiba ya siku. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2007, na likizo ikawa miezi mitatu.

Sheria ya watoto ya mwaka 2001 bado iliyaweka majukumu ya mtoto wa nje ya ndoa kwa mama kwanza, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakataa kuibatilisha. Ni katiba ya mwaka 2010 iliyotamka kwamba wazazi wote wawili wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria mpya ya watoto ya mwaka 2022 ikafuata msimamo huo. Hata hivyo, baba akikana mtoto, ni mama anayelazimika kuomba ruhusa kazini ili kuhudhuria mahakamani.