Nyasi Zilipoondoka

Mara ya kwanza niliporudi Kikoneni na gongo la hoki mkononi, mjomba alilikagua juu hadi chini, kisha akaniuliza, “Hili ni la kuulia nyoka?”

“La, mjomba. Ni la mpira.”

Akacheka mpaka akakohoa. Kwetu, mpira ni wa miguu. Mengine ni mambo ya shule.

Na kweli niliyapata shule. Uwanja wetu ulikuwa udongo mwekundu na mafungu ya nyasi, na magongo hayakututosha, tukawa tunaazimana. Mpira ulikuwa ukigonga jiwe unaruka na kukupiga kwenye muundi. Tulijifunza kuuzuia kwa kubahatisha tu.

Novemba 2013 nikaenda Nairobi kutazama Kombe la Afrika la hoki, wanaume na wanawake, katika uwanja wa City Park. Pale ndipo nilipoona mpira ukiteleza juu ya zulia, umenyooka kama umechorewa mstari. Afrika Kusini walibeba makombe yote mawili. Nikanung'unika kwamba hatuwezi kushindana na hawa. Mzee mmoja Singasinga aliyekaa karibu yangu akageuka: “Mwanangu, nchi hii ilikuwa ya nne duniani.”

Nilidhani ananichezea. Nikaenda kusoma.

Mzee hakusema uongo. Mwaka 1964 huko Tokyo, Kenya ikiwa na uhuru wa miezi kumi tu, timu yetu ya hoki ilimaliza ya sita kwenye Olimpiki. Ilikuwa timu ya Masingasinga na Wagoa: Avtar Singh Sohal, Surjeet Singh Panesar, Alu Mendonca, Hilary Fernandes. Mwaka 1971, kwenye Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Barcelona, tulifika nusu fainali. Hispania ikatutoa kwa bao 1-0, halafu India ikatupokonya nafasi ya tatu kwa 2-1. Wa nne duniani, kwa mchezo ambao mjomba wangu anadhani ni wa kuulia nyoka.

Sasa hapa ndipo hadithi inapouma.

Mwaka 1976, timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini wakati serikali ya ubaguzi ilikuwa imetoka kuua watoto wa shule Soweto. Afrika ikadai New Zealand itolewe kwenye Olimpiki ya Montreal. Wakubwa wa Olimpiki wakakataa. Zaidi ya nchi 20 zikasusa, Kenya ikiwamo, na timu yetu ya hoki, iliyokuwa imepangiwa nafasi yake, haikucheza.

Montreal ndiyo Olimpiki ya kwanza ambayo hoki ilichezwa juu ya zulia. Yaani siku mchezo ulipohama kutoka kwenye nyasi, sisi hatukuwapo. Mwaka 1980 tukasusa tena, safari hii pamoja na Marekani, kwa sababu ya vita vya Afghanistan. Watanzania walikwenda Moscow, na India ikawafunga 18-0. Wanawake nao walikuwa wanacheza hoki ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, na Zimbabwe, iliyoitwa dakika za mwisho kujaza nafasi, ikarudi na dhahabu.

Sikusema tulikufa siku ileile. Kenya ilishinda dhahabu ya Michezo ya Afrika mwaka 1987, nyumbani Nairobi, na ikaenda Seoul 1988. Hiyo ndiyo Olimpiki yetu ya mwisho ya hoki mpaka leo. Zulia ni ghali, linahitaji maji na matunzo, na wachezaji lazima walizoee kila siku. Uwanja wa kitaifa wa zulia ulikuwa huo mmoja, City Park. Kutoka Kikoneni ni zaidi ya kilomita 500.

Na Afrika Kusini? Ubaguzi ulipoanguka, ikarudi. Ilikuja Nairobi 1993 ikachukua Kombe la Afrika la wanaume. Wanawake wake wakachukua lao 1994. Kuanzia hapo hadi 2022, hakuna nchi nyingine iliyoonja makombe hayo.

Nilipomsimulia mjomba, alinyamaza kidogo. “Kwa hiyo mlisusa kwa ajili yao, halafu wakaja kuwafunga?”

“Ndiyo, mjomba.”

“Basi mlikosea kususa.”

Hapo nilimkatalia, ingawa si desturi kumbishia mjomba. Kususa kulikuwa haki. Watoto wa Soweto walikuwa na thamani kuliko medali, na wachezaji wetu ndio waliolipa gharama hiyo, wengine wakiwa kwenye umri ambao haurudi. Tatizo ni yaliyofuata. Tuliwatoa sadaka, kisha hatukuwatandikia uwanja. Kususa kulichukua wiki mbili. Kupuuza kumechukua miaka arobaini na ushei, na hilo hatuwezi kumsingizia kaburu yeyote.

Mjomba akalichukua gongo, akalipima uzito mkononi. “Wasichana pia wanacheza?”

“Wanacheza. Kwenye udongo uleule.”

“Na wanaumia?”

Nikamwonyesha kovu kwenye muundi wangu. Akatikisa kichwa, akanirudishia gongo, akasema nisiliache nje usiku, litaliwa na mchwa.