Safari za Siku Moja Kutoka Arusha: Historia Inayozunguka Mlima Meru

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Jiji la Arusha, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hufahamika zaidi kama lango la kuelekea Serengeti na Ngorongoro. Wageni wengi hulala usiku mmoja na kuondoka alfajiri. Hata hivyo, ndani ya jiji na pembezoni mwa Mlima Meru wenye urefu wa mita 4,566 yapo maeneo ya kihistoria ambayo mtu anaweza kuyatembelea na kurejea siku hiyo hiyo.

Kuanzia mjini

Safari inafaa kuanzia katika Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900 kwa nguvu za wenyeji walioshurutishwa. Leo jengo hilo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Eneo la Kaloleni lipo Makumbusho ya Azimio la Arusha, yaliyofunguliwa mwaka 1977. Azimio hilo lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU katika kikao cha Januari 26 hadi 29, 1967, na kutangazwa rasmi Februari 5 mwaka huo. Maeneo yote mawili yanaweza kutembelewa kwa asubuhi moja.

Tengeru

Takriban kilomita 13 mashariki mwa jiji, kando ya barabara ya Moshi, upo mji mdogo wa Tengeru. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hapa palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na utawala wa Kisovieti, wakapitia Uajemi na kufika Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1942. Makaburi yao takriban 150 yangali yanatunzwa. Atakayefika Jumatano au Jumamosi atakuta pia soko kubwa la Tengeru, na Ziwa Duluti lililomo ndani ya kreta haliko mbali.

Ngarenanyuki

Kutoka Usa River, barabara hupanda kaskazini kupitia Hifadhi ya Taifa Arusha hadi Ngarenanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima. Hapa hakuna jengo kubwa la makumbusho. Historia imo katika ardhi yenyewe. Novemba 1951, Serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto na familia zikapoteza mifugo na mazao.

Wameru hawakushika silaha. Walikwenda kudai haki. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, alifikisha malalamiko yao mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Alikuwa Mtanganyika wa kwanza kusimama mbele ya chombo hicho kuwasilisha madai ya watu wake. Ardhi haikurejeshwa wakati huo, lakini shauri hilo liliamsha ari ya kisiasa nchini miaka miwili kabla ya kuzaliwa kwa TANU Julai 7, 1954.

Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi siku ya kuhamishwa, leo amepita themanini. Mgeni anayepata nafasi ya kuketi na mzee wa eneo hilo na kumsikiliza anapata kitu ambacho baada ya miaka michache hakitapatikana tena. Vijana na walimu wa historia wanafaa kwenda na daftari na kinasa sauti.

Old Moshi

Takriban kilomita 80 kutoka Arusha upo mji wa Moshi, na juu yake, katika miteremko ya Kilimanjaro, Old Moshi. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli Machi 2, 1900, pamoja na viongozi wengine, wakiwemo wa Wameru na Waarusha. Ni mwaka huo huo Boma la Arusha lilipojengwa. Kichwa cha Mangi Meli kinaelezwa kuwa kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miongo mingi.

Engaruka

Kwa anayeweza kuondoka alfajiri, magofu ya Engaruka wilayani Monduli yapo chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kaskazini mwa Mto wa Mbu. Ni mabaki ya vijiji na mashamba ya matuta ya mawe yaliyomwagiliwa kwa mifereji, yakakaliwa kwa karne kadhaa na kuachwa takriban karne ya 18. Mawe hayo yasihamishwe wala kukanyagwa ovyo. Ukuta uliobomolewa haurejeshi ushahidi wake.

Mambo ya kuzingatia

Tengeru na Moshi hufikika kwa usafiri wa umma, ilhali Ngarenanyuki na Engaruka zinahitaji gari imara, hasa wakati wa masika. Anayetembelea hifadhi au makumbusho alipe kiingilio kwa utaratibu rasmi na kudai stakabadhi. Vijijini, ni vyema kuanzia ofisi ya kijiji, kumtumia mwongozaji mwenyeji, na kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha za watu au makaburi.