Panya Asiyeshiba

Nyumbani waliniita "tumbo" kabla sijajua kusoma, nami nikaamini shida ni mdomo wangu. Kisha nikasoma habari za panya wa maabara ya Jackson, kule Maine, Marekani. Mwaka 1949 walionekana pale panya wanene ajabu, wasioshiba. Baadaye Douglas Coleman alimshona mmoja wao ubavuni mwa panya wa kawaida ili damu zichanganyike. Mnene akapunguza kula! Kumbe shibe ilikuwa damuni. Wengi walimbishia, kwao unene ulikuwa ulafi tu. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wakaipata jeni ya leptini, homoni ambayo mafuta ya mwili huutumia ubongo: akiba ipo. Wanene wengi tunayo tele, ila ubongo hausikii. Siku hizi shangazi akisema, "Punguza mdomo," namwongezea chai, namhadithia panya.