Gobori na Kipimo cha Baruti

Leo tunasoma habari za bunduki za wazee wetu.

Gobori lilijazwa mdomoni mwa mtutu. Mtu alitia baruti, kitambaa na risasi, akashindilia kwa mdeki, kisha akaweka fataki. Mwenye shabaha alipima baruti kwa kipimo kile kile kila mara. Ikipungua, risasi ilianguka karibu. Ikizidi mno, mtutu uliweza kupasuka.

Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, vilifika hata Kilosa. Askari wa Wajerumani walikuwa na risasi zilizokwisha pimwa kiwandani. Mwenye gobori alipokuwa bado anashindilia, wao walikwisha piga mara kadhaa. Fikirini basi: je, ushujaa peke yake ulitosha?